Sindano moja ya surua, walipaji sita: hela ya zahanati inatoka wapi haswa

Dada yangu alirudi nyumbani kavimba kwa hasira. Kaamka alfajiri, kambeba mtoto, bajaji mpaka barabarani, daladala mpaka zahanati (ipo njia ya Pangani, jina naliacha), mtoto katimiza miezi 9 na kadi inasema leo surua. Nesi akahesabu watoto waliopo kwenye benchi, wako watatu, akamwambia mama rudi Alhamisi. Chanjo zipo? Zipo. Friji linapoza? Linapoza. Na wa kuchoma si ndo wewe hapo umekaa? Ndo mimi. Sasa Alhamisi ya nini!

Mama yetu akasema hela zote zishaliwa, shemeji akasema ni uvivu tu wa watumishi wa siku hizi, na jioni kijiweni Ngamiani, hapa Tanga mjini, nilipolianzisha kwenye kahawa kila mtu alikuwa na mwizi wake wa kumtaja. Mie nimewahi kufanya vibarua vya kukusanya takwimu kwenye miradi ya afya huku kwetu, mara Muheza mara Mkinga, nikasema ngoja niliandike taratibu, maana hili la rudi Alhamisi limebeba karibu somo zima la hela ya afya nchini, na wizi humo ni kipande tu, tena sio kikubwa kama tunavyopenda kuamini.

Kichupa cha chanjo ya surua na rubella kina dozi 10. Ni unga, unachanganywa na maji yake maalum, na ukishachanganya una masaa 6 tu, baada ya hapo kilichobaki unatupa. Ukifungua kwa watoto 3 unamwaga dozi 7. WHO wenyewe wanashauri kichupa kifunguliwe hata akija mtoto mmoja, kwa sababu dozi zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto aliyerudishwa nyumbani na asirudi tena. Lakini nesi anaogopa kitu kingine kabisa. Anajua atakuja mkaguzi na daftari, atahesabu vichupa vilivyotumika afu atahesabu watoto waliochanjwa, na pengo likiwa kubwa yeye ndo wa kujieleza. Mtoto aliyerudishwa haonekani kwenye daftari lolote, dozi iliyomwagwa inaonekana. Hilo liweke kichwani.

Haya, sindano yenyewe inalipiwa na nani? Nilimuuliza shemeji akasema serikali, basi. Ingekuwa rahisi hivyo nisingeandika.

Chanjo nyingi wanazopata watoto wetu zinapita kwa Gavi, ule muungano wa chanjo ulioanzishwa mwaka 2000, ambao unachangisha nchi tajiri na matajiri wa dunia afu unachangia ununuzi kwa nchi zenye kipato cha chini, na serikali yetu inaweka sehemu yake, sehemu ambayo inapanda kadri nchi inavyoonekana imenyanyuka kiuchumi. Unicef ndo wanaagiza, wananunua kwa wingi ili bei ishuke. Huyo mlipaji wa kwanza. Wa pili ni Hazina, inamlipa nesi mshahara, ila ajira yake iko halmashauri chini ya TAMISEMI na miongozo ya kazi inatoka Wizara ya Afya, yani mtu mmoja ana mabosi watatu na akikwama hajui amlilie nani. Wa tatu ni mfuko wa pamoja wa afya, kapu ambalo lilianza 1999 wafadhili kadhaa, Denmark, Ireland, Uswisi na wenzao, walipokubali kuacha kila mtu kuja na kamradi kake wakaweka hela sehemu moja iende halmashauri kwa kazi za kila siku, mambo ya usambazaji, usimamizi, vifaa. Wa nne ni wagonjwa, ile elfu mbili tatu unayolipa dirishani pamoja na malipo ya bima, ndo inaitwa mapato ya ndani ya kituo, na humo ndo inatoka LUKU ya friji. Narudia, LUKU. Chanjo imetoka kiwandani huko nje, imepanda ndege, imefika bohari la Taifa, ikaja mkoani, ikaenda wilayani, njia nzima ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, afu uzima wake unategemea zahanati imepata wagonjwa wa kulipa wiki hiyo wa kutosha kununua umeme.

Wa tano ni wanakijiji. Majengo mengi ya zahanati yalianza na tofali na mchanga wa wananchi, halmashauri ikaja kupaua. Wa sita ni yule mhudumu wa jamii anayezunguka na kitabu nyumba kwa nyumba kuuliza mama fulani mbona mwanao hajamaliza chanjo. Huyo nimemhesabu kama mlipaji kwa sababu miaka mingi kazi hiyo amejilipia mwenyewe, kwa jasho lake na kandambili zake, labda mradi ukija anapewa posho na fulana, mradi ukiisha inabaki fulana. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaweka kwenye utaratibu rasmi, wafundishwe na walipwe, kwa hiyo hapo kuna kusogea, tunaangalia.

Sasa mifuko sita, sindano moja. Mfuko mmoja ukitoboka mitano iliyobaki haina kazi. Chanjo ipo umeme hakuna, bure. Umeme upo nesi kahamishwa, bure. Vyote vipo ila hamna wa kumkumbusha mama wa kule mashambani kuwa leo miezi 9 imetimia, bure vilevile. Wataalamu wakisema wanataka kuimarisha mifumo ya afya huwa inasikika kama maneno ya semina, lakini maana yake ni hii tu, kuhakikisha mifuko yote sita ina hela siku ileile.

Bibi yetu kule Pongwe akisikia habari hizi anasema zamani yote haya hayakuwepo, matibabu yalikuwa bure. Ni kweli na sio kweli. Baada ya Azimio la Arusha 1967 serikali ilibeba mzigo, 1977 ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za biashara, na kwa miaka kadhaa zahanati zilijengwa vijijini kwa kasi ambayo nchi tajiri kuliko sisi hazikuifikia. Afu uchumi ukaanguka. Miaka ya 80 huduma ilikuwa bure ila dawa hamna, unaandikiwa karatasi ukatafute mwenyewe, na karatasi kweli ilikuwa bure. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ikatoa andiko la kuzishauri nchi kama zetu zitoze wagonjwa, 1991 sisi tukaruhusu tena hospitali binafsi, na kuanzia 1993 tukaanza kuchangia gharama, hospitali kubwa kwanza. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza wakawekwa kwenye msamaha. Msamaha mzuri sana kwenye karatasi, ila angalia hesabu: hao waliosamehewa ndo wateja wakubwa wa zahanati, na zahanati inategemea malipo ya wateja kununua LUKU. Serikali ikimsamehe mjamzito bila kuifidia zahanati, aliyetoa sadaka ni zahanati.

Kabla ya yote hayo huku pwani tulikuwa na njia nyingine kabisa, ya tajiri mmoja. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kupakia misafara ya bara, aliacha hela za kujenga hospitali Dar es Salaam ya watu weusi na Wahindi, yeye mwenyewe akafariki 1897, hospitali ikabeba jina lake miaka mingi na leo pale Muhimbili, mrithi wa ile hospitali, bado kuna jengo linaitwa Sewahaji. Nampenda sana huyu mzee. Lakini hata yeye aliacha hela ya kuta na vitanda, na kuta hazichomi sindano.

Na hapa ndo pana jambo lenyewe ninalotaka kusema. Kujenga kuna wafadhili tele, kuendesha hakuna mwenyewe. Jengo lina utepe, lina jiwe la msingi lenye jina la mtu, linapigwa picha. Mwaka 2021 tulikatwa tozo za miamala ya simu, kelele zilikuwa nyingi mpaka zikapunguzwa, na sehemu ya zile hela ilijenga vituo vya afya kwenye tarafa, majengo yapo, ukipita unayaona. Mwaka huohuo ukaja mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO, tukapata vyumba vya wagonjwa mahututi, idara za dharura, mitambo ya oksijeni. Mie sio mtu wa kubeza, mashine za oksijeni zimeokoa watoto wachanga ambao hata hiyo UVIKO hawakuwa nayo. Ila kila jengo jipya ni kama umeoa, mahari umelipa siku moja lakini chakula ni kila siku. Mtambo wa oksijeni unakula umeme wa kutisha, unataka fundi, unataka vipuri, na kituo kipya kinataka watumishi, ambao wanataka kibali cha ajira kutoka Utumishi, ambacho kinasubiri bajeti ya mishahara. Hiyo hela ya kila siku ndo watu wa halmashauri wanaiita OC, matumizi mengineyo, na jina lenyewe linakwambia inavyothaminiwa. Mengineyo!

Afu kuna lile neno bajeti, ambalo linatuchanganya wengi. Ukisikia bungeni wizara imetengewa bilioni kadhaa usidhani kuna sanduku limejaa noti. Ni ruhusa ya kutumia, hela yenyewe inakuja kadri makusanyo yanavyoingia Hazina, mwaka unaanza Julai, na kabla ya chochote yanalipwa yale ambayo hayakwepeki, deni la Taifa na mishahara. Kinachobaki kinagawanywa. Kwa hiyo zahanati inaweza kuwa na bajeti nzuri kabisa kwenye mpango wa halmashauri na robo ya kwanza ikapita mikono mitupu. Marais wa Afrika walikaa Abuja Aprili 2001 wakaahidi kila nchi itatenga asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya, robo karne inaenda, waliofika na kubaki hapo ni wa kuhesabu kwa vidole na sisi hatumo. Mwaka huohuo tume ya WHO iliyoongozwa na mchumi Jeffrey Sachs ilipiga hesabu kwamba huduma za lazima kabisa zinataka kama dola 34 kwa kila mtu kwa mwaka, na ikasema wazi nchi masikini haziwezi kuzifikisha peke yake. Bei za leo weka zaidi. Kwa hiyo hata tukimkamata kila mwizi aliyetajwa kijiweni, bado chungu ni kidogo.

Jambo zuri ambalo halizungumzwi kabisa, labda kwa sababu halina utepe, ni mabadiliko ya mwaka wa fedha 2017/18. Kabla ya hapo hela ya mfuko wa pamoja ilikuwa inafika halmashauri na kukaa huko, mganga mfawidhi wa zahanati akitaka hata sabuni anaandika barua, barua inapanda ofisi hadi ofisi, sabuni inakuja baada ya miezi kama ikija. Kuanzia hapo hela ikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenyewe. Zahanati ikawa na akaunti benki, ikawa na kamati ya usimamizi yenye wanakijiji ndani yake, na mfumo wa kompyuta wa kuandikia hesabu. Watu wanaona ni mambo ya uhasibu tu ila kwangu haya ndo mapinduzi, maana kwa mara ya kwanza mtu anayejua friji limezimika ndo huyohuyo mwenye kalamu ya kulitengeneza. Kasoro zipo. Mfawidhi ni mtabibu, hajasomea uhasibu, na siku anayokwenda mjini benki zahanati inabaki na mtu mmoja au inafungwa kabisa. Nimewahi kumkuta mmoja Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya benki kavaa koti lake jeupe, namuuliza dokta kulikoni, ananiambia leo mie mhasibu.

Njia nyingine ilijaribiwa jirani zetu mkoa wa Pwani, Bagamoyo ikiwemo, kuanzia 2011 kwa hela ya Norway. Kituo kikifikisha malengo, mfano wajawazito wangapi wamejifungulia kituoni, watumishi wanapewa bonasi. Baadhi ya mambo yalipanda kweli, hasa watu kujifungulia kituoni. Tatizo ni lilelile la fulana, mradi una mwisho, na mtu uliyemzoesha bonasi ukiiondoa habaki pale ulipomkuta, anarudi nyuma.

Tuje kwenye bima, maana kila mjadala siku hizi unaishia huko. Watu wa huku bima wanaielewa vizuri kuliko wanavyojidai, kwa sababu kila mtaa una chama cha kufa na kuzikana. Mnachanga kidogokidogo wote, vijana na wazee, akifariki mtu au akifiwa mmoja wenu mfuko unabeba. Sasa fikiria chama kinachoruhusu mtu ajiunge siku mgonjwa wake ameshapelekwa hospitali ya Bombo yuko hoi, analipa kiingilio leo, keshokutwa anachukua turubai, sufuria na mchele wa msiba. Chama hicho kinamaliza mwaka? Hiyo ndo ilikuwa Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, bei ya huruma, ila haikuwa lazima, kwa hiyo wazazi wengi walimkatia kadi mtoto aliyekuwa tayari anaumwa, yule mzima wakamuacha. Mimi siwalaumu, ningefanya hivyohivyo. Matumizi yakazidi michango kwa mbali, Machi 2023 mfuko ukasimamisha usajili wa mtoto mmojammoja ukataka watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule, nchi nzima ikapiga kelele, baadaye ikarudishwa. Hesabu yenyewe haikubadilika kwa kelele. CHF nayo, ile bima ya afya ya jamii inayokatwa kwa kaya, ilianzia Igunga 1996, ikapata sheria 2001, ikaboreshwa 2018 ikawa elfu 30 kwa kaya ya watu mpaka 6, nayo hiari, nayo waliojiunga wengi ni wenye mgonjwa ndani. Wafanyakazi wa serikali kadi zao hazikuyumba kwa sababu hawakuulizwa, asilimia 3 inakatwa kwenye mshahara, 3 anaweka mwajiri, mzima na mgonjwa wote ndani.

Ndo maana Novemba 2023 bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, ili uchangiaji uwe wa lazima. Sawa, lakini mvuvi wa Tongoni au muuza machungwa wa Muheza hana mwajiri wala karatasi ya mshahara ya kukatia, utamkata wapi? Ghana walipoanzisha bima yao 2003 waliliona hilo, wakaweka asilimia 2.5 juu ya kila bidhaa inayotozwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo mvuvi wa kule anachangia akinunua sabuni bila kujaza fomu yoyote. Thailand 2002 wao walikata shauri kwamba wasio na ajira rasmi watalipiwa na kodi tu, mgonjwa anatoa baht 30 akienda kutibiwa. Sisi kwenye bajeti ya 2025/26 tumeanza kuonja njia hiyo, tozo kwenye mafuta na vitu vingine zimewekwa kwa ajili ya UKIMWI na bima. Mie naona njia ya kodi ndo ya kweli kwa nchi yenye wavuvi na wamachinga wengi kuliko waajiriwa, na nasema hivyo nikijua mafuta yakipanda nauli ya daladala inapanda na mie ndo mpandaji.

Ila hata bima ikifika kwa kila mtu kuna kazi haitazilipa. Bima inamlipia mtu anayeumwa. Bwana afya anayekagua kisima, bibi afya anayefungia mgahawa wenye choo kibovu, mtu wa takwimu anayegundua kuwa wiki hii kuharisha kumeongezeka kata moja, afisa anayepima joto wasafiri pale mpakani Horohoro, hao hawana mgonjwa wa kumtoza. Wakifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea, na kitu kisichotokea nani akilipie? Machi 2023 ilipothibitishwa Marburg kule Kagera walipatikana wagonjwa 9, wakafariki 6, watu zaidi ya 200 waliokutana nao wakafuatiliwa, na Juni ikatangazwa imeisha. Kwa ugonjwa wa familia moja na Ebola hiyo ni kazi kubwa sana, ilifanywa na watu wa kawaida wenye pikipiki na madaftari, na huku Tanga wengi walishaisahau kabla hata haijaisha. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu wamekaa vikundi chini ya mwembe wanasikiliza redio afu wanakwenda kuchimba vyoo, ilifikia watu kama milioni 2, na vifaa vyake vilikuwa redio, vitabu na majembe. Ilikuwa nafuu kwa sababu chini yake kulikuwa na watu waliokwishalipwa, walimu na mabwana afya.

Kazi za namna hii kwa miaka mingi tuliwaachia wafadhili, tena hasa Marekani, na hasa kwenye UKIMWI. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akaapishwa na siku hiyohiyo akasaini kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai mosi USAID yenyewe ikafungwa. Dawa za kufubaza hazikuisha kesho yake, lakini waliokuwa wanaajiriwa na miradi walirudi nyumbani, wapima, washauri, waingiza data, wale waliokuwa wanampigia simu mgonjwa aliyeacha dawa. Jamaa zangu wawili wapo humo, mmoja sasa anaendesha bajaji hapa Makorora na anaijua mifumo ya takwimu ya afya kuliko maafisa wengi. Mtu aliyesomeshwa kwa miaka 10 anabeba abiria wa mia tano, na kwenye ripoti yoyote ya hasara hutaikuta hiyo.

Kuna sehemu tumepatia na lazima niseme, isije ikaonekana nalia tu. M-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga, unapiga 115 bure, kama gari la wagonjwa liko mbali anatafutwa dereva wa kawaida wa jirani aliyeandikishwa, anampeleka mama, analipwa kwa simu. Vifo vya uzazi kwa takwimu za utafiti wa Taifa vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja 2015/16 mpaka 104 mwaka 2022, na m-mama ni moja tu ya sababu nyingi, mwaka 2022 ndo kwanza ilikuwa inasambaa nchi nzima. Ila angalia kilichofanyika: mtu alikaa akafikiria jinsi ya kumlipa dereva asiye na kampuni, bila mlolongo, usiku wa manane.

Alhamisi nilimsindikiza dada mwenyewe. Watoto walifika 11, kichupa kikafunguliwa, cha pili nacho kikafunguliwa kwa ajili ya yule wa kumi na moja baada ya kuvutana kidogo, na mama yake wa kumi na moja alisimama pale mlangoni hatingishiki. Wakati tunasubiri ile nusu saa ya kuangalia mtoto asije akapata mzio wa ghafla, dada akawa anasoma karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa ukutani, kila zahanati inatakiwa ibandike, afu akaniita kwa sauti kubwa. Kaka njoo uone. Mafuta ya pikipiki, robo nzima. Na pikipiki ilikuwa hapo nje, tunaiona dirishani, imeegemezwa kwenye mnazi, haina tairi la mbele.

Mfawidhi alisikia akatoka. Hakukasirika, alicheka cha uchovu. "Dada yangu, chanjo zote hizi nazifuata wilayani kwa boda. Boda hana mashine ya risiti, ile EFD. Kwenye kompyuta hamna sehemu ya kuandika boda, kuna mafuta ya pikipiki. Nisipoandika mafuta, hela hairudi, na chanjo haiji."

Dada akamuuliza tairi shilingi ngapi.

"Tairi ni matengenezo," akasema, "hiyo kasma nyingine, fungu jingine la bajeti, haijaingia tangu Julai."